Barua za Papa Numbi Zilipohamia Lubumbashi

Juzi kijana mmoja fundi wa kompyuta alinisimamisha karibu na soko, furaha imemjaa usoni.

"Maman Kabange," akaniambia, "samedi nahamisha ma-mail yote ya bureau yetu, inaenda mu archive. Kazi ya siku moja tu."

Nikamuuliza, "Ulisha kubaambia benyewe?"

"Benyewe nani?"

"Benyewe ba ile ma-mail."

Akacheka. "Maman, habataona hata kitu. Lundi asubuhi bakifungua mashine, kila kitu iko."

Habataona hata kitu! Ahamishe barua za ofisi nzima Jumamosi, watu wakute Jumatatu! Nilimwacha aende zake kwa sababu nilikuwa na samaki wabichi mkononi na jua lilikuwa kali. Lakini maneno yake yalinikera njia nzima. Nimefika nyumbani, nimeweka samaki chini, nimekaa kuandika. Kwa hiyo ninyi vijana mnaosoma hapa, mkiona nimewagombeza kidogo, mlaumuni yule.

Kwa wasionijua: mimi ndiye niliyeshughulikia kompyuta katika ofisi moja hapa Kamina inayosimamia shule, za mjini na zile za mbali kule Mulongo na pembeni ya ziwa Kisale. Niliingia nikiwa mpiga taipu, nikapelekwa Lubumbashi kusoma, nikarudi nikiwa informaticienne, fundi wa kompyuta, na hapo nikabaki mpaka nilipostaafu. Magoti yananisumbua siku hizi. Kazi bado naijua, na sioni haya kusema hivyo.

Tena msinielewe vibaya. Archive, ghala moja la kutunzia barua zote za zamani, ni kitu kizuri, na mimi ni mmoja wa walioipigania. Zamani barua pepe za kila mtu zilikaa ndani ya mashine yake mwenyewe, katika faili moja kubwa. Mashine ikifa, na barua zimekufa. Na radi za Kamina mnazijua. Mvua ikianza, sisi tulikuwa tunakimbia kuchomoa waya ukutani, mmoja huku, mwingine kule, chef, mkuu wa ofisi, akipiga kelele kama tunakimbia moto.

Kulikuwa na sekretari wetu, Maman Béatrice, mke wa mwanajeshi wa pale Base, kambi ya jeshi, mtu wa Mbandaka, sauti yake unaisikia kabla hujamwona. Siku moja alikataa kuchomoa. Alikuwa anamalizia barua. Radi ikapiga, mashine ikatoa moshi, naye akaruka na kiti chake.

"Nzambe! Kabange, kuya uone! Inanuka!"

Ilinuka kweli. Faili lake halikupona. Tangu siku hiyo Béatrice aliamua kuchapisha kila mesaji inayoingia. Kila moja! Hata ile inayosema "asante", hata ile inayosema "nimepokea", alichapisha, akapanga ndani ya makaratoni nyuma ya mlango. Nilimkanya, nikachoka. Baadaye mchwa walifika, wakala makaratoni yote mawili ya chini, na Béatrice akanilaumu mimi, eti fundi wa kompyuta hajui hata dawa ya mchwa.

Kwa hiyo mtu akiniambia barua zote zitakaa pamoja mahali pamoja penye ulinzi, mbali na radi na mchwa, mimi nasema haya, twende. Ninachouliza ni tunaendaje.

Aliyenifundisha kazi hii aliitwa Papa Mukalay, mzee mfupi, mkavu, asiyecheka ila akikuona umekosea. Nilipoanza kuzunguka na kuwauliza watu shida zao na kuandika majibu, alinitazama muda, kisha akaninyang'anya kalamu.

"Usiulize mutu anafanyaka kazi yake namna gani," akasema. "Atakuambia vile anazani anafanyaka. Ikala pembeni yake, unyamaze, uangalie mikono."

Nilikasirika. Nilikuwa nimetoka masomoni, kichwa kimejaa. Lakini nilikaa pembeni ya watu, nikaangalia mikono, na nikaona mambo ambayo hakuna mtu angenieleza. Niliona mhasibu anazima kioo badala ya mashine, kisha analalamika kuwa mashine haipumziki. Niliona mkuu wa idara anayejiandikia mesaji yeye mwenyewe ili asisahau dawa zake. Hayo hayasemwi kwa mdomo. Mtu anaona ni ya kawaida, atakusimulia ya nini?

Papa Mukalay huyo huyo ndiye aliyetuachia desturi moja ambayo mgeni angeona ni wazimu. Zamani masanduku yetu ya barua yalikuwa madogo sana. Yakijaa, mashine ilikataa kupokea, na mtu alilazimika kufuta. Mukalay akagundua kwamba vitu vilivyo ndani ya corbeille, ile alama ya pipa ambapo vinaenda vitu vilivyofutwa, mashine haivihesabu. Sanduku linabaki jepesi, na barua bado zipo, unaweza kuzitafuta wakati wowote. Basi akatufundisha: ukimaliza shauri, bonyeza kitufe cha kufuta, barua iende corbeille, ikae pale. Kitu kimoja tu ni mwiko, usimwage corbeille yenyewe.

Ofisi nzima ilifanya hivyo. Watu wazima, wengine wazee wa kanisa, tunaweka kazi zetu za maana kwenye pipa la takataka, tena kwa mpangilio, tena kwa fahari! Na ilifanya kazi, miaka na miaka. Baadaye masanduku yakapanuliwa, wafanyakazi wapya wakaja wasiojua hadithi hiyo, wa zamani wakastaafu mmoja mmoja. Aliyebaki na desturi ile alikuwa mtu mmoja tu, na hakuna aliyejua. Nani anachungulia pipa la mwenzake?

Mtu huyo ni Papa Numbi. Alikuwa anashughulika na wakuu wa shule: wanamwandikia, anawajibu, anawapigania kwa chef. Kichwa cha Papa Numbi kilijulikana ofisi nzima. Ukitaka kujua shule fulani ilipata mabati lini, au mwalimu fulani alihamishwa kwa sababu gani, huendi kwenye kabati, unakwenda kwa Papa Numbi. Anafumba macho kidogo, anakujibu, kisha anafungua mashine na kukuonyesha barua yenyewe. Alipenda sana hapo pa kuonyesha. Alikuwa anageuza kioo polepole kukuelekea, na kikohozi kidogo.

Lakini lazima niwaambie na habari ya baba yake, kwa maana bila hiyo hamtaelewa. Baba yake alikuwa mtu wa reli. Alipozeeka akili ilimwacha. Alikuwa anavaa koti lake, anashika mfuko, anakwenda gare, stesheni, kuuliza treni inayoondoka saa ngapi, hata siku ambazo treni haikuwepo. Mji mzima ulimjua. Watoto walimcheka, na Numbi, wakati huo baba wa watoto tayari, ndiye aliyekuwa anakwenda kumshika mkono na kumrudisha nyumbani. Hakuwahi kulizungumza. Hata sisi hatukumgusia.

Basi ofisi kuu ya Lubumbashi ikaamua: mafaili yote ya barua yanahamia archive. Kazi alipewa Patrick, kijana mwerevu, mwenye heshima, nampenda mpaka leo. Mimi siku hizo nilikuwa Mulongo kufunga betri za sola kwenye ofisi ya kule, na kutoka Mulongo huwezi kurudi unapotaka, unarudi mtumbwi na lori vikikubali. Patrick akafanya kazi yake kutoka kule kule Lubumbashi, samedi moja, watu wamepumzika. Ripoti yake niliisoma niliporudi. Ilikuwa safi: kila kitu kimefika, hakuna kosa. Na mashine ilisema hivyo kweli.

Nilikuta watu wana malalamiko madogo madogo. Mmoja anasema mabarua yake ya zamani yanafunguka kwa uvivu. Mwingine anasema mtandao ukikatika anaona kichwa cha barua tu, ndani ni peupe. Hayo niliyatarajia. Nilikaa nao, nikawaonyesha, nikawatania, yakaisha. Maman Béatrice ndiye pekee aliyefurahi toka mwanzo. "Sasa radi ipige vile inataka!" akasema, akaitazama mbingu kama anaitafutia ugomvi.

Papa Numbi hakulalamika. Alinyamaza tu. Mimi nikafikiri ni uchovu.

Kisha akaja mkuu wa shule moja ya upande wa Sanga, kando ya ziwa Kisale. Ziwa lilikuwa limeingia madarasani kwake, na kwa miezi walikuwa wameandikiana na Papa Numbi mpaka wakakubaliana shule ihamie mahali pa juu. Mtu amesafiri kwa mtumbwi na lori, viatu vina matope, anaomba tu kuona ile barua ya makubaliano ili chef aitie mkono. Papa Numbi akafungua mashine. Akatafuta. Akatafuta tena. Jasho likamtoka.

"Hauja kuniandikia hiyo," akasema hatimaye.

"Papa Numbi," yule mwalimu akajibu kwa upole, "shi weye njo ulinijibu?" Akatoa simu yake, akamwonyesha jibu lenye jina la Numbi chini. Ofisi nzima ilishuhudia, na ile simu ikarudi mfukoni polepole.

Baada ya hapo minong'ono ikaanza. Eti amejibu barua moja mara mbili. Eti anauliza kitu alichoulizwa jana. Mtu mmoja akasema kile ambacho wote walikuwa wanakifikiri: "Njo vile papa yake alianzaka." Niliposikia anamfananisha na baba yake nilimfokea, lakini neno likishatoka limetoka.

Chef wetu, Madame Monique, dada mwema ambaye angeweza kuwa binti yangu, aliniita. "Maman, Papa Numbi ameomba kuondoka mwisho wa mwezi. Anasema amechoka. Sitaki aondoke kwa haya, lakini nimzuie namna gani? Weye mwenyewe ulimuona siku ya mutu wa Sanga." Macho yake yalikuwa na machozi. Hakuna aliyekuwa mbaya katika habari hii, ndiyo maana inaniuma.

Kesho yake Papa Numbi aliingia ofisini kwangu, akafunga mlango. Hakukaa.

"Kabange, akili yangu inaniacha."

"Acha maneno yako, Papa."

"Haina maneno. Kila asubuhi nikinyoa ndevu nahesabu majina ya bajukuu bangu, juu nijue kama bangali bote mu kichwa. Leo kwa mumoja nilikwama. Nilisimama pale na wembe." Akagusa shavu lake. "Nilifanya kitu kibaya mu kazi, na sikumbuke kama nilikifanya. Naondoka mbele batu habaja kunicheka."

Nilimuuliza ni kitu gani. Alikataa katakata. Basi nikakumbuka kazi yangu. Nikachukua kiti, nikaenda nacho mpaka mezani kwake, nikaketi pembeni.

"Fanya kazi, Papa. Fanya tu kama minyi siko hapa."

"Utaangalia nini?"

"Mikono."

Akafungua mesaji, akaisoma kwa utulivu, akajibu. Jibu zuri, lenye mpango, lisilo na doa. Nilijiambia huyu si mtu anayeachwa na akili. Akamaliza. Kidole chake kikaenda chenyewe, bila yeye kukitazama, kikabonyeza kitufe cha kufuta. Halafu akafungua corbeille kuhakikisha imefika. Ndani mlikuwa na barua chache, zote za siku hizi.

Nikasogeza kiti karibu na kioo.

"Papa Numbi. Kumbe ungali unaweka mule?"

"Vile Mukalay alitufundisha. Niweke wapi tena?"

"Na za zamani? Ziko wapi?"

Aliinamisha kichwa, na alipoongea sauti ilikuwa ndogo.

"Njo hapo. Nilimwaga yote. Unajua, ukimwaga, mashine inakuuliza: uko na hakika? Inakuuliza muzuri kabisa. Na minyi nilijibu eyo. Kabange, mutu anajibu eyo juu ya kazi yake ya maisha yote, na hakumbuke hata kidogo? Njo ugonjwa ya papa. Inanifikia."

"Uliona haziko siku gani?"

"Lundi moja. Weye ulikuwa ungali Mulongo."

Vijana, nilitaka kucheka, nilitaka kulia, na nilitaka kumzaba mtu kofi, yote kwa mara moja. Nilimpigia Patrick pale pale, simu nikaiweka mezani sauti ikiwa wazi.

"Mwanangu, ulipohamisha mafaili, corbeille za batu ulifanya nazo nini?"

"Sikuhamisha, Maman. Ile ni takataka. Programu inaruka corbeille yenyewe, halafu inaacha sanduku mupya, tupu."

"Mafaili ya zamani yako wapi?"

"Kwa disque moja hapa kwangu. Mwisho wa mwezi nafuta yote."

"Patrick, usiguse ile disque! Unanisikia? Usiiguse!"

Kisha sauti yake ikabadilika. "Maman, kuko mutu alikuwa anaweka kazi mule?"

"Kuko."

"Mungu wangu. Minyi sikujua."

"Najua haukujua. Haukuuliza. Sasa mwenyewe iko hapa pembeni, umwambie."

Kijana akajikaza. "Papa Numbi, nisamehe. Haukumwaga kitu. Haina weye. Njo minyi."

Papa Numbi alikuwa anaitazama ile simu bila kupepesa.

"Sema tena," akasema.

"Njo minyi, Papa. Weye haukufanya kitu."

"Sema tena, mwana. Polepole."

Patrick akasema tena, polepole, kwamba ni yeye, na tulisikia kuwa analia.

Ya baadaye nitayasema haraka. Barua zote zilirudi, ingawa mtandao wetu ulizivuta kwa kujikokota, na mtu wa Sanga alipata mkono wa chef. Madame Monique alilichana lile ombi la kuondoka mbele ya wafanyakazi wote, na Papa Numbi alibaki kazini mpaka nilipostaafu mimi. Hata yale ya kujibu mara mbili tuliyaelewa: alikuwa haoni tena kama amejibu, kwa hiyo alijibu, na alikuwa anauliza kwa sababu hakuwa na pa kutazama. Mngefanyaje ninyi?

Sasa nisikilizeni. Mtu hakumbuki kwa kichwa peke yake. Anakumbuka kwa mahali alipoweka. Ukimhamishia vitu bila kumwambia, hatafikiri kwamba wewe umehamisha. Akiwa mtu mnyenyekevu atafikiri yeye ndiye aliyeharibika, na atanyamaza. Yule anayepiga kelele kama Béatrice hana shida, atakupata tu. Mwogope anayenyamaza.

Kwa hiyo kabla hujagusa chochote, zunguka meza kwa meza, ukae, uangalie mikono. Mwanzoni watakuona mpuuzi. Waambie siku gani mnahama na watakuta nini asubuhi, tena waambie kwa mdomo, siyo kwa mesaji ambayo nayo itahamia archive! Faili la zamani usilifute kwa haraka ya kutafuta nafasi. Nunua disque nyingine, kula sombe, kisamvu chetu, bila samaki mwezi huo kama ni lazima. Na siku ya kwanza usikae Lubumbashi ukisoma ripoti. Uwe mlangoni. Mimi katika uhamisho uliofuata nilibandika karatasi juu ya kila kioo: usipoona kitu chako, haina weye, si kosa lako, ni sisi, ita Kabange. Waliniita mpaka nikachoka, na nilifurahi kila mara.

Lakini ninachotaka mjue zaidi ni cha siku ile ile, kabla hata barua moja haijarudi. Papa Numbi alisimama, akavaa koti, akasema anatoka kidogo. Nilimfuata mpaka getini. Ng'ambo ya barabara, kwa muuza mikate, alikuwa ameketi mke wake, Maman Thérèse, kitenge amejifunika mpaka kichwani. Nilikuwa nimemwona pale mara nyingi siku hizo, nikadhani ameanza biashara.

"Ananifuataka," Papa Numbi akaniambia. "Tangu nilimwambia habari ya kichwa yangu, kila asubuhi anatembea nyuma yangu, anaikala pale mpaka kazi iishe. Anaogopa sitajua kurudia nyumba. Anazani simuone."

Akavuka. Maman Thérèse alipomwona anakuja saa ya kazi alishtuka, akainuka mbio, akanyoosha mkono wa kumshika. Yeye akaupokea ule mkono, akauweka kwenye kifua chake.

"Mama Thérèse, rudia nyumba," akamwambia. "Minyi niko muzima. Njia naijua."